Madirisha yenye hatukualika: namna ya kufunga piblisite mu ordinatere ya nyumba na ya biro

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa kartie Bel-Air, komini ya Kampemba, Lubumbashi. Tunayaweka hapa juu ya wale walikosa nafasi ya kufika.

  

Tunajua swali lenye liko mu vichwa vya wengi: maji ni shida, kuran inakuya na kuenda, barabara ni mashimo tupu, na ninyi munatuita juu ya madirisha ya mu ordinatere? Ni swali la haki. Jibu letu linaanzia ku RAM.

Munaikumbuka RAM. Kuanzia mwezi wa 9 mwaka 2020, wenye telefone walikatwa feza mu unite yao juu ya ile Registre des appareils mobiles. Mwenye telefone ya 3G ao 4G alipashwa kulipa dolare 7 ku mwaka. Unaingiza unite, unageuka, imekwisha kupunguka. Watu walikasirika, vijana wa inchi muzima walipiga kelele, na mwaka 2022 serkali ikaiondoa. RAM ilikuwa na jina, ilikuwa na waziri wake, tulijua mlango gani wa kugonga. Ile kodi tunataka kuzungumzia leo haina jina, haina waziri, na hakuna bunge lililoipiga kura. Inakula mega zetu kila siku na hakuna mtu anayeandamana.

Angalieni maisha yetu ginsi yako. Wengi wetu hatuna ordinatere ku nyumba. Tuko na telefone tu, na siku kazi ikiomba mashini ya kweli, barua ya kuomba kazi, CV, TFC ya mdogo wetu, tunaenda ku sekretaria. Munazijua: meza moja, ordinatere moja ao mbili zilizotoka Bulaya zikiwa zimekwisha kutumika, mashini ya kuchapa, na pembeni telefone ya mwenye kazi, njo inagawa intaneti kwa wote. Kila mega pale ni ya kununua. Sasa dirisha ikijifungua yenyewe, na picha zake, na video yake, inakunywa mu chupa ile ile. Tupige hesabu ndogo, ya mfano tu. Dirisha moja ikibeba mega 2, na ikifunguka mara 30 ku siku, ni mega 60. Siku 26 za kazi, ni mega 1560. Ni zaidi ya giga moja na nusu imeenda, na hakuna barua hata moja iliandikwa na ile giga.

Lakini mega si neno kubwa. Neno kubwa ni hili.

Mu sekretaria moja, hatutaitaja, kulikuwa mashini yenye kila asubui ilikuwa inatoa kidirisha kidogo ku kona ya chini, upande wa kuume: kompani ya madini inatafuta watu, haraka, bonyeza hapa. Ndugu mmoja, lisanse mu mkono, miaka mitatu bila kazi, alikuja kuchapisha CV yake. Kidirisha kikatoka mbele yake. Alifikiri tangazo linatoka mu ile biro yenyewe, juu pale njo wanaandikiaka watu barua za kuomba kazi. Akabonyeza. Akajaza jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya telefone, na picha ya karte ya uchaguzi. Wakamuomba feza ya dosie, kwa telefone. Akatuma. Kesho yake wakaomba ya visite medikale. Akatuma tena, na hii mara ilikuwa feza ya kukopa kwa dada yake. Kisha namba ikanyamaza mpaka leo.

Mwenye sekretaria hakujua kitu. Kile kidirisha alikuwa anakionaka kila siku, anakifunga, anaendelea na kazi. Lakini kartie ilianza kusema: ni yeye, wako pamoja na ile benda. Bakliya wakapunguka. Mama mmoja alikuwa amekwisha kuacha kuja zamani, juu siku alikuja na mtoto wake kuchapisha bileti ya masomo, picha ya mwanamke uchi ikajifungua mbele ya mtoto. Hakusema neno, akachukua kle yake, akaenda.

Njo maana tunazungumza. Mu muji kama huu, wenye kila kijana anangojea kuitwa na kompani fulani, dirisha yenye kuandika "kazi" ni mtego wenye nguvu kupita zote. Na ule mtego unaweza kufungwa kwa dakika tano, bule, bila kuita fundi.

Kwanza tujue unatoka wapi.

Madirisha haya yana baba, na baba yake anajulikana. Mu miaka ya 1990, kule Marekani, kijana mmoja jina lake Ethan Zuckerman alikuwa anatumika ku Tripod, mahali watu walikuwa wanajijengea kurasa zao za intaneti bila kulipa. Tripod ilikuwa inaishi kwa matangazo ya biashara. Siku moja kompani kubwa ya magari ikaona tangazo lake limewekwa mu ukurasa wa mambo ya ngono, ikakasirika. Zuckerman akatafuta dawa: tangazo litoke mu dirisha yake lenyewe, mbali na ukurasa, ili mtu asifikiri kompani na ule ukurasa ni ndugu. Akaandika mistari ya programu, dirisha ikajifungua. Mwaka 2014, mwezi wa 8, aliandika mu gazeti The Atlantic la Marekani na kuomba msamaha kwa watu wote. Nia yake haikuwa mbaya, na sisi tunamsamehe. Wale walichukua kazi yake nyuma, hapo tutaona.

Watu walichoka upesi. Mwaka 2002 Mozilla, njo mzazi wa Firefox ya leo, ilitoka na uwezo wa kuzuia yale madirisha. Mwaka 2004 Microsoft nayo ikaingiza kizuio ndani ya Windows XP. Leo navigatere zote, Chrome, Firefox, Edge, Opera, zinazuia zile za zamani bila wewe kugusa kitu. Sasa kama zinazuia, kwa nini mashini ya sekretaria bado inajaa uchafu?

Juu mwaka 2015 mlango ingine ulifunguliwa. Chrome ilianza kuruhusu ukurasa wa intaneti kukutumia ujumbe hata kama umekwisha kuufunga. Wanaita notifikasyo. Neno lilikuwa zuri: gazeti likuambie habari mpya, barua pepe ikuambie kuko barua. Firefox ikafuata mwaka 2016. Tangu pale, ukiingia mu ukurasa fulani, kisanduku kinatoka juu, upande wa kushoto, na vifungo viwili: "Autoriser" na "Bloquer". Wenye tamaa wakaelewa upesi. Hawana tena lazima ya kuvunja mlango. Wanapashwa tu kumdanganya mtu abonyeze "Autoriser". Mu ukurasa wanaandika: bonyeza "Autoriser" ili kuonyesha wewe si roboti. Ao: bonyeza "Autoriser" ili filimu ianze. Kijana anatafuta muziki ao mupira, anabonyeza, anaenda. Filimu haianzi. Lakini ile ruhusa inabaki mu mashini siku zote, na mwenye kubonyeza anaweza kuwa kliya wa mwezi uliopita, hata jina lake hamulijui.

Kile kidirisha cha kazi ya madini, mu ile sekretaria, kilikuwa hiki. Hakukuwa virisi. Kulikuwa ruhusa.

Basi, ukikuta mashini yenye kusumbua, usikimbilie kubonyeza kila mahali. Tazama kwanza kidogo. Kama kidirisha kinatoka ku kona ya chini upande wa kuume, hata wakati uko unaandika mu Word na hakuna ukurasa mbele yako, karibu kila mara ni notifikasyo. Chini ya kile kidirisha, kwa maandishi madogo, kuko jina la navigatere na anwani ya ule ukurasa wenye kutuma. Isome, uiandike ku karatasi, tutaihitaji nyuma. Kama dirisha zinatoka tu ukifika mu ukurasa fulani wa filimu ao wa mupira, shida ni ule ukurasa: toka. Kama zinatoka kila mahali, hata mu kurasa za heshima, na ukurasa wa kwanza wa navigatere umebadilika, na ukitafuta neno mu Google unapelekwa mahali pengine, hapo kuko kitu kimeingia ndani ya mashini.

Ya notifikasyo ni rahisi, na ni ya kufanya leo leo. Mu Chrome, bonyeza nukta tatu za juu kuume, kisha "Paramètres", kisha "Confidentialité et sécurité", kisha "Paramètres des sites", kisha "Notifications". Pale utaona orodha ya wale walipewa ruhusa. Jitayarishe. Mu mashini ya watu wengi ile orodha inaweza kuwa ndefu, na majina ya ajabu, herufi bila maana na namba nyuma. Kila moja yenye hauijui, nukta tatu pembeni yake, "Supprimer" ao "Bloquer". Kisha, juu ya ule ule ukurasa, chagua kwamba kurasa zisiombe tena ruhusa. Hii ya mwisho watu wanaisahauka, na nyuma ya juma moja orodha imejaa tena. Mu Edge njia inafanana. Mu Firefox, "Paramètres", "Vie privée et sécurité", shuka mpaka "Permissions", pale kwenye "Notifications" fungua "Paramètres", ondoa zote, na weka alama ya kuzuia maombi mapya. Tuseme kweli: Firefox ilikuwa na akili mbele ya wengine. Tangu mwezi wa 1 mwaka 2020 kile kisanduku chake hakikurukii tena usoni, inaonyesha alama ndogo tu mu mstari wa anwani, na mwenye haitafuti haioni.

Mama wa sekretaria anaweza kusema: lakini mimi niko na lazima na notifikasyo za barua pepe ya kazi. Sawa mama. Acha ile moja, ondoa zingine.

Kwa kitu chenye kimeingia ndani, angalia mahali pawili. Pa kwanza ni viongezo vya navigatere, vile vinaitwa "Extensions". Hivi ni vipande vidogo vya programu, vingine vizuri, vingine wezi. Kila kimoja chenye hakuna mtu anajua kazi yake, ondoa. Pa pili ni orodha ya programu za Windows, mu "Paramètres", "Applications". Ipange kwa tarehe ya kuingizwa, tazama zile zilizoingia siku shida ilianza. Mara mingi utakuta programu zilizoingia siku moja, saa moja: mtu alitaka moja ya kubadilisha PDF, zingine zilipanda nyuma kama watoto nyuma ya kamio. Hii inatokea juu ya kubonyeza "Suivant, Suivant, Suivant" bila kusoma. Mu zile kurasa za kuingiza programu kuko visanduku vidogo vimekwisha kuwekwa alama mbele. Ondoa alama. Na programu uichukue kwa mwenye kuitengeneza, si mu ukurasa wenye vifungo vitano vya "Télécharger" na kimoja tu njo cha kweli.

Nyuma ya pale, mu Chrome, "Réinitialiser les paramètres" inarudisha navigatere kama ilivyokuwa ikizaliwa. Anwani ulizoweka mu favori zinabaki. Kisha acha Windows yenyewe ichunguze: fungua "Sécurité Windows", "Protection contre les virus et menaces". Hauna lazima ya kununua antivirisi kwa mtu wa mu barabara. Ile yenye imekuja na Windows 10 na 11 inatosha kwa kazi hii. Tangu mwaka 2020 inaweza pia kuzuia zile programu wanaita "potentiellement indésirables", maana yake programu zenye hakuna mtu alizitaka. Zitafute mu "Contrôle des applications et du navigateur", uwashe. Kama inabaki uchafu, kuko AdwCleaner ya Malwarebytes, ni ya bule, ni ndogo, haiombi kuingizwa, na inabebeka mu kle.

Sasa tuseme neno juu ya bafundi, na tutalisema polepole juu wengine ni ndugu zetu na wanatafuta chakula kama siye. Kuna fundi mwenye kuona kidirisha kimoja tu na kusema: ordinatere imekufa, inaomba formataji. Anaomba dolare, anafuta yote, na TFC ya mtoto wa mtu inaenda. Nyuma ya formataji anaweka Windows na aktivateri aliyochukua mu intaneti, na ile aktivateri njo inaleta uchafu mpya. Hatuwahukumu wale wanatumia Windows bila leseni. Bei ya leseni na mfuko wa kijana wa Bel-Air havijuani. Lakini tujue hatari: aktivateri inakuomba uzime antivirisi kabla ya kuifungua. Mlinzi wa nyumba analazwa usingizi ili mgeni aingie. Nani atakuambia mgeni alibeba nini? Kwa maandishi na hesabu, LibreOffice ni ya bule kwa haki, inafungua faili za Word, na haiombi aktivateri yoyote. Wale wenye mashini ya zamani wajue pia kwamba Windows 7 haipate tena Chrome mpya tangu mwaka 2023, na Microsoft iliacha kutunza Windows 10 tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025. Mashini inaendelea kutumika, lakini navigatere iwe mpya.

Kuko dirisha moja ingine ya kuogopesha. Inajaza ekra muzima, inapiga kelele, rangi nyekundu: virisi 5 zimepatikana, piga simu Microsoft ku namba hii, usizime mashini. Bandugu, Microsoft yenyewe imesema: ujumbe wake wa kosa ao wa hatari hauna namba ya telefone hata siku moja. Ukiona namba, ni mwizi. Usipige. Ile dirisha haijafanya kitu bado, inangojea wewe uogope. Shikilia kifungo cha Esc kwa muda, ao bonyeza F11, kisha funga. Ikikataa, Alt na F4 pamoja. Ikikataa tena, Ctrl, Shift na Esc pamoja, chagua navigatere mu orodha, "Fin de tâche". Ukifungua tena navigatere na ikakuuliza kama irudishe kurasa za mbele, kataa.

Nyuma ya kusafisha, weka mlinzi. Tunatumia uBlock Origin, ni ya bule, iliyotengenezwa na Raymond Hill tangu mwaka 2014. Inazuia matangazo mbele hayajashuka, njo maana mega zinabaki. Mu Firefox iko kamili. Mu Chrome, Google imebadilisha kanuni za viongezo na ile kamili haitumiki tena; kuko ndugu yake mdogo, uBlock Origin Lite, inasaidia. Hapo tunawaacha mchague, lakini muone: Google inaishi kwa matangazo, na Google njo inaamua kizuio gani kinaweza kuishi mu Chrome. Tukiulizwa, mashini ya sekretaria iwekewe Firefox. Na angalieni jina herufi kwa herufi mbele ya kubonyeza. Mwaka 2018 watu wa AdGuard waligundua vizuio vitano vya uongo mu duka la Chrome, na watu zaidi ya milioni 20 walikuwa wamekwisha kuviingiza.

Kuna wenye watatuambia: kuzuia matangazo ni kuiba chakula cha magazeti. Tumelijadili kati yetu na hatukupatana wote. Magazeti ya intaneti ya kwetu, yale yenye kuandika mambo ya Katanga bila kuogopa, yanaishi kwa ile piblisite. Kwa hiyo fanya hivi: ku ukurasa unaouamini, zima kizuio, ni kubonyeza mara moja. Lakini usiache mlango wazi kwa wote juu ya rafiki mmoja. Hata polisi ya Marekani, FBI, mu mwezi wa 12 mwaka 2022 iliwaambia raia wake watumie vizuio vya matangazo wakati wanatafuta mu intaneti, juu wezi walikuwa wananunua matangazo yenye kufanana na kompani za kweli. Kama kule wenye feza wanaambiwa hivi, siye wenye kuhesabu mega moja moja tunangojea nini?

Kwa wale wenye kushiriki intaneti ya telefone, fanya jambo moja zaidi: mu Windows, fungua "Paramètres", "Réseau et Internet", chagua ile Wi-Fi ya telefone, uiweke kuwa "connexion limitée". Windows itapunguza kushusha mambo makubwa nyuma ya mgongo wako. Haihusu piblisite, lakini inatoka mu mfuko ule ule.

Ku biro, kama mashini si yako, usifanye bila kusema. Muonyeshe mwenye kazi, mfanye pamoja. Tumeona kijana alisafisha mashini ya mkubwa wake kwa nia njema, akaondoa na programu ya hesabu ya kompani. Sema kwanza.

Tuje ku haki. Inchi yetu iko na Code du numérique tangu tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023. Ni ordonansi yenye nguvu ya sheria, namba 23/010. Inazungumzia kulinda habari za mtu binafsi, na inaadhibu makosa yanayofanywa kwa njia ya mashini. Tarehe ya kuzaliwa ya yule ndugu, picha ya karte yake, hizi ni habari za mtu binafsi. Mara mingi tunasikia: ni intaneti, hakuna mtu wa kushitaki. Kule Marekani walishitaki. Lenovo iliuza ordinatere zenye programu ya matangazo ndani, Superfish, iliyokuwa inaingia hata mu kurasa zenye kufungwa kwa siri, kama za banki. Watu walipiga kelele mwaka 2015, na mwaka 2017 Lenovo ikapatana na serkali kuu na majimbo 32, ikalipa dolare milioni 3 na nusu. Ile shida ilijulikana juu ya watu waliofungua mashini yao na kuangalia.

Kwa hiyo tunaomba kitu kimoja kwa kila mmoja. Ukiona kidirisha cha kazi ya uongo, mbele ya kukiondoa, piga picha ya ekra. Andika anwani iliyo chini yake, siku, saa, na sekretaria gani, bila kutaja jina la mwenye kuibiwa kama hataki. Kama feza ilitumwa, tunza ujumbe wa telefone wenye namba. Tunakusanya hizi dosie, na zikiwa za kutosha tutazipeleka ku parke na ku wakubwa wenye kuchunga mawasiliano. Na wakati tuko pale tutawauliza juu ya nini onyo juu ya wezi hawa halitoki mu Kiswahili, wakati njo luga ya muji huu, ya soko na ya sekretaria.

Siku ya posho ijayo, kuanzia saa nne ya asubui, tutazunguka sekretaria za Bel-Air zenye zimekubali. Tuko na kle yenye Firefox mpya, LibreOffice na AdwCleaner, kwa hiyo mega ya mwenye kazi haitaguswa. Hatuombi feza. Mwenye ordinatere ya nyumba anaweza kuileta pia, na chaja yake, na betri iwe imejazwa usiku, juu kuran ya asubui hatuiahidi. Mbele ya kuja, tunza TFC na faili zako mu kle ingine.